Karatasi ya Le Charivari yenye maandishi nyuma: nimepigwa?

FundiBomba wa Tanga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wanaojua picha za zamani.

Mimi ni fundi bomba, nipo Brussels mwaka wa tisa sasa. Jumapili nikiwa sina kazi huwa nateremka Place du Jeu de Balle, soko ambalo watu wanamwaga chini vyombo vya marehemu: vijiko, saa zilizokufa, picha za harusi za watu wasiojulikana. Kawaida natafuta spana za zamani, zile za chuma kizito. Jumapili iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, wauzaji wanafunikafunika, na mzee mmoja alikuwa na boksi la karatasi chini ya nailoni. Karatasi ya tatu kutoka juu ikanisimamisha.

Mtu yuko kitandani. Dari linavuja, maji yanamiminika, naye kashika mwavuli uliofunguliwa. Ndani ya chumba, jamani. Chini pana maneno ya Kifaransa: anamlaani mwenye nyumba, jambazi yule, eti hataki kufanya matengenezo mpaka hali ya hewa iwe nzuri. Juu pameandikwa Locataires et Propriétaires, yaani Wapangaji na Wenye Nyumba. Pembeni kuna herufi mbili tu, h.D.

Nilicheka peke yangu mvuani. Kosa kubwa, maana mzee aliniona nikicheka na bei ikapanda hapo hapo. Lakini ningeachaje kucheka? Chumbani kwangu juu ya kabati kuna doa la maji lenye umbo la Ziwa Nyasa, na kila mvua ikinyesha ziwa linarefuka kuelekea kusini. Kazi yangu ni mabomba na mifereji, najua kabisa tatizo liko wapi: mfereji wa paa umeziba, maji yanarudi nyuma yanaingia chini ya vigae. Nimemwandikia mwenye nyumba mara tatu. Jibu lake: tusubiri kiangazi, paa likiwa limelowa fundi hawezi kupanda. Mimi ndiye fundi! Nimejitolea kupanda mwenyewe, akasema bima hairuhusu.

Basi, alianzia euro 30, nikaishia 15. Nimefika nyumbani nimeigeuza karatasi, nyuma imejaa maandishi. Matangazo ya biashara, herufi ndogo ndogo, mengine yanaonekana hadi upande wa picha, hasa palipo na weupe kwenye shuka. Mwenzangu mmoja kaniambia picha ya maana haiwezi kuchapwa mgongoni mwa tangazo la dawa. Nimepigwa?

Na kitu kingine kinanisumbua. Nimeuliza jina, nikaambiwa h.D. ni Honoré Daumier, mchoraji wa Kifaransa wa karne ya 19, yule aliyefungwa kwa kumchora mfalme. Mtu aliyethubutu kumgusa mfalme, inakuwaje anahangaika na mpangaji na mwavuli wake?

---

Kobe Asiye na Haraka

Pole mkuu. Euro 15 umenunua gazeti la kufungia maandazi. Picha ya msanii mkubwa iwe na tangazo mgongoni? Hiyo imekatwa kwenye kitabu, nyuma wameacha ukurasa uliofuata. Ila usijali, ikianza kuvuja sana utajifunika nayo.

---

Mzee wa Ofseti

Kobe, punguza spidi leo, kama jina lako linavyosema.

Kijana wangu wa Tanga, hujapigwa. Hayo maandishi ya nyuma ndiyo ushahidi wako. Nimefanya kazi ya uchapaji Dar miaka thelathini na moja, nimestaafu, na hawa jamaa wa Paris ndio babu zetu kikazi. Kwa hiyo ruhusuni mzee aongee kidogo.

Le Charivari lilikuwa gazeti la kila siku, lilianzishwa na Charles Philipon tarehe 1 Desemba 1832, na ahadi yake kwa wasomaji ilikuwa mchoro mpya kila siku. Lilikuwa na kurasa nne, na mchoro kwa kawaida ulikaa ukurasa wa tatu. Sasa geuza ukurasa wa tatu: unakutana na wa nne, wenye matangazo. Ndiyo hayo uliyonayo. Karatasi moja ilipita kwenye mitambo miwili tofauti, mmoja wa herufi za madini ya risasi kwa maandishi, mwingine wa jiwe kwa picha. Pitisha kidole taratibu upande wa matangazo, unaweza kusikia herufi zimechimba kidogo. Upande wa picha ni laini, kwa sababu jiwe halichimbi.

Zilikuwepo pia nakala zilizochapwa kwenye karatasi nyeupe nzito, nyuma tupu, kwa ajili ya wakusanyaji. Hizo ndizo za bei. Ya kwako ni ile iliyosomwa na mtu akinywa kahawa yake asubuhi. Mimi mwenyewe ningeitaka hiyo.

Kuhusu jiwe, nisikilizeni vijana wa kompyuta. Jamaa aitwaye Senefelder kule Munich, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1790, alikuwa anatafuta njia rahisi ya kuchapa tamthilia zake, akagundua kwamba jiwe la chokaa laini la Solnhofen linashika mafuta na linashika maji, na hivyo viwili havipatani. Msanii anachora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Mchapaji anapaka gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, halafu analowesha jiwe kwa maji. Maji yanakaa palipo patupu. Ukipitisha rola ya wino, wino unakataa penye maji na unashika penye mafuta, yaani kwenye mchoro tu. Unaweka karatasi, unagandamiza, unaibandua. Na kila kitu kinatoka kimegeuka kulia kushoto, kwa hiyo aliyeandika kwenye jiwe aliandika kinyumenyume.

Pleti zetu za ofseti, yaani zile za mitambo ya kisasa ya kuchapa, zinaenda kwa kanuni hiyo hiyo. Siku ukisahau maji kwenye rola, pleti inashika wino kote na kurasa zinatoka nyeusi kama sufuria ya kijiweni. Nimekatwa mshahara kwa kosa hilo mwaka wangu wa kwanza, sitasahau.

Kazi ikiisha jiwe linasuguliwa kwa mchanga na maji mpaka mchoro wa jana umetoweka, msanii anachora wa kesho juu yake. Daumier amechora hivyo karibu michoro elfu nne. Delteil, aliyeorodhesha michoro yake ya jiwe, anahesabu 3,958.

Fanya hivi: tafuta lenzi, angalia kivuli chochote cheusi. Ukiona nukta zimejipanga safu kama askari kwenye gwaride, ni nakala ya kisasa, mimi na Kobe tutakuja kukucheka pamoja. Ukiona punje zisizo na mpangilio, kama mkaa uliopitishwa kwenye ukuta wa plasta, hiyo ni kalamu ya mafuta juu ya jiwe. Halafu tusomee maandishi madogo kabisa chini ya picha, yale ya anwani.

Swali lako la mfalme ndilo zuri zaidi. Nimeinjika chai, narudi.

---

Mzee wa Ofseti

Nimerudi.

Daumier alizaliwa Marseille 1808, baba yake fundi vioo aliyejiona mshairi. Akahamia Paris mtoto, akawa tarishi wa dalali wa mahakama, yule anayebeba hati za madeni. Kumbuka hilo: alipanda ngazi za wapangaji akiwa na habari mbaya mkononi kabla hajashika kalamu.

Baada ya mapinduzi ya 1830 mfalme mpya, Louis-Philippe, aliahidi uhuru wa kuchapa. Philipon akalijaribu hilo neno. Mwaka 1831, akiwa kizimbani, alichora uso wa mfalme hatua nne ukibadilika kuwa tunda la peasi, akawauliza waungwana wa mahakama ni mchoro gani kati ya hiyo wanaushitaki. Walimfunga hata hivyo, ila peasi zikaanza kuchorwa kwenye kuta za Paris nzima. Mwaka 1834 gazeti lilipolazimishwa kuchapa hukumu yake lenyewe, walipanga mistari ya hukumu kwa umbo la peasi. Nani aliyezipanga hizo herufi sijui, lakini ningempa mkono.

Daumier naye akamchora mfalme kama jitu Gargantua, ubao umewekwa mpaka mdomoni, watu wanapanda na vikapu vya pesa za maskini kumlisha, na chini ya kiti zinatoka nishani na vyeo. Miezi sita jela na faini ya faranga 500. Alikuwa na miaka 24 alipoingia gereza la Sainte-Pélagie.

Halafu Aprili 1834. Askari wakaingia nyumba namba 12, mtaa wa Transnonain, Paris, alfajiri, wakaua wapangaji ndani ya vyumba vyao. Daumier hakuchora askari hata mmoja. Alichora chumba baada ya wao kuondoka: mwanamume kaanguka sakafuni kando ya kitanda chake, nguo ya kulalia imempanda, na chini ya mwili wake kuna mtoto. Hakuna kichekesho pale. Polisi walilikamata jiwe na nakala walizozipata. Kijana wa Tanga, ukiangalia kitanda cha mtu wako wa mwavuli, kumbuka kwamba mkono ule ule ulishachora kitanda hicho kingine.

Julai 1835 mtu aliyeitwa Fieschi akajaribu kumuua mfalme kwa mtambo wenye mitutu 25. Mfalme akapona, watu kumi na wanane wakafa, na Septemba ikatoka sheria: maandishi hayaombi kibali kabla ya kuchapwa, lakini mchoro wowote lazima upate kibali kwanza. Hoja yao ilikuwa kwamba neno ni maoni, picha ni kitendo. Hapo ndipo kalamu ilipofukuzwa ikulu ikaenda kukaa kwenye ngazi, kwenye basi la farasi, mahakamani, chumbani kwa mpangaji.

Ila usidhani alimwacha mfalme. Chini ya utawala ule, mpiga kura ni yule aliyelipa kodi ya serikali ya moja kwa moja isiyopungua faranga 200 kwa mwaka. Nchi ya watu milioni thelathini na tano, wapiga kura hawakufika hata laki mbili na nusu. Ni akina nani hao? Wenye mashamba, wenye viwanda, wenye nyumba. Yule jambazi anayesubiri kiangazi ndiye raia, na mwenye mwavuli hana kura. Kumchora mwenye nyumba ilikuwa kuchora serikali bila kuitaja.

---

FundiBomba wa Tanga

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa kwenye tramu, nimepitiliza kituo.

Lenzi sina, nimetumia ujanja wa kazini: tone moja la maji kwenye kamera ya simu, linageuka lenzi. (Tone lenyewe nimelichota kwenye ndoo iliyo chini ya Ziwa Nyasa. Ndoo ilikuwa imejaa robo.) Punje tupu, mzee! Hazina mpangilio hata kidogo. Kwenye kivuli cha kitanda unaona kabisa alivyosugua kwa ubavu wa kalamu, halafu akarudi na ncha. Kuna mahali amekwangua ili kupata mstari mweupe wa maji. Mimi nimeona maji yakivuja kwa miaka kumi na sita, na nakwambia maji yanaanguka hivyo hivyo.

Chini pameandikwa Chez Aubert & Cie, Pl. de la Bourse, 29.

Kobe, maandazi yako utafungia kingine.

---

Mzee wa Ofseti

Marahaba. Aubert alikuwa shemeji yake Philipon, duka la picha lilikuwa la familia. Anwani ya Place de la Bourse inakaa vizuri na mfululizo huo, ulioanza 1847. Weka karatasi mbali na jua, na usiibandike kwa selotepu, tafadhali. Selotepu ni uuaji.

Na angalia hiyo tarehe. Februari 1848 mfalme yule alikimbilia Uingereza. Mpangaji wako alikuwa anashika mwavuli miezi michache kabla mvua haijamfikia mwenye nchi.

---

Binti Mwembetanga

Habari zenu kaka zangu, na shikamoo baba wa ofseti. Naomba niweke chumvi kidogo, maana naona tunakaribia kumtangaza mtakatifu.

Mimi pia ni mpangaji, Dar, na mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo picha ya mwavuli naielewa bila mkalimani. Lakini mtu huyu huyu mwaka 1844 alichora mfululizo wa picha arobaini za kuwacheka wanawake wanaoandika, Les Bas-bleus. Ipo moja: mama kainamia karatasi zake, na pembeni mtoto kazama kichwa chini kwenye beseni la kuogea, miguu inapiga hewani. Maneno yake yanasema mama yuko ndani ya moto wa kutunga, mtoto yuko ndani ya maji ya kuogea. 1848 akaja na wanawake wanaodai talaka. 1849 wanawake wa kisoshalisti. Mwenye nyumba anachekwa kwa sababu ana nguvu. Hawa walikuwa na nguvu gani? Kura hawakuwa nayo hata hiyo ya faranga 200.

---

Mzee wa Ofseti

Marahaba mwanangu. Umenishika. Nitasema jambo moja tu, na si la kumtetea: maneno ya chini mara nyingi hakuyaandika yeye. Picha za tapeli Robert Macaire, kama mia moja hivi za mfululizo wa kwanza, maneno ni ya Philipon. Kwa zile nyingine waliandika watu wa gazetini. Daumier alipeleka jiwe, wao wakatafuta mzaha.

---

Binti Mwembetanga

Hilo nalielewa baba, ni kama kanga. Anayechora mji na pindo siye anayetunga jina. Lakini ile miguu ya mtoto kwenye beseni aliichora nani? Ukiondoa maneno yote, miguu bado inasema mama yule ni mzembe.

Na bado nakiri ni mchoro mzuri, hilo ndilo linaloniudhi.

---

Mzee wa Ofseti

Sina jibu la kukushinda. Mimi katika picha zake za mji nazipenda zaidi za kuanzia 1853, Haussmann, mkuu wa serikali wa mkoa ule, alipoanza kubomoa Paris ili kuijenga upya. Mume anamwonyesha mkewe ukuta uliobaki wa jengo lililobomolewa, chumba kimekuwa hewa: tazama Adélaïde, ndicho chumba chetu cha harusi, hawa waashi hawaheshimu kumbukumbu. Na mwingine, mwenye nyumba, anafurahi kuona nyumba nyingine tena inaangushwa, kwa kuwa sasa atampandishia kila mpangaji faranga mia mbili. Nimeishi Dar tangu barabara zilipokuwa nyembamba. Nimewaona wote wawili.

---

Kobe Asiye na Haraka

Nimekubali kushindwa, wakuu. FundiBomba, ukiiuza nikumbuke, euro 16.

---

FundiBomba wa Tanga

Siuzi Kobe, hata kwa 17.

Mrejesho kidogo. Dada, nimeitafuta hiyo ya beseni kwenye maktaba ya mtandaoni ya Wafaransa, Gallica. Nimecheka halafu nikajiona mjinga kwa kucheka, sijui kama ndicho ulichotaka. Mke wangu kaiangalia muda mrefu, akauliza baba wa mtoto alikuwa wapi. Hayumo kwenye picha.

Ile yangu nimeitia fremu ya kioo, bila selotepu mzee, nikaitundika ukutani karibu na kabati, chini kidogo ya Ziwa Nyasa. Jana mwenye nyumba alikuja hatimaye. Hakuja kwa ajili ya dari, alikuja kusoma mita ya gesi. Akasimama mbele ya picha. Akavaa miwani, akasoma maneno ya chini polepole, midomo inatikisika. Akacheka kwa sauti, mkono tumboni, akaniuliza nimeipata wapi, akasema Daumier, huyo alikuwa kiboko.

Halafu akainua macho akaliona doa. Akagusa ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa. Akaniambia nihamishe picha hiyo upesi, kwa sababu unyevu utaiharibu.